Bibi Harusi Anafundwa Kila Kitu Isipokuwa Tangi la Choo



Leo tunazungumzia choo. Msikunje uso. Tukizungumza udi, singo na vikuba hakuna anayekunja uso, na msalani ndipo bibi harusi atakapoingia kila siku ya ndoa yake, tangu alfajiri anapokwenda kutia udhu mpaka usiku anapokwenda kulala. Sebule yenye mapazia mapya anaweza kuifunga wageni wakiondoka. Msala haufungwi.

Maoni yetu ni haya, na tunayasema wazi: mwanamke anayeingia nyumba yake mpya bila kujua tangi la choo linafanyaje kazi hajamaliza kufundwa. Somo amemfundisha kupika, kupamba, kusema na mume na kunyamaza na mume. Hakuna aliyemfunulia mfuniko wa tangi akamwambia, "Tizama humu, mwanangu."

Tunayajua haya kwa sababu ya kazi yetu. Sisi ni washonaji, na wanaosimama mbele yetu kupimwa ni bibi harusi, mama zao na masomo zao. Mtu akiwa amesimama na pini kwenye pindo hana pa kwenda, basi huzungumza. Kabla ya harusi mazungumzo ni lesi, shanga na rangi ya kilemba. Miezi miwili mitatu baadaye anarudi kuongezewa nguo, na mazungumzo yamegeuka. Choo kinalia usiku kucha. Choo hakivuti mpaka umwage ndoo. Tangi la juu linaisha maji na hatujui yanakokwenda. Mawifi walikuja Ijumaa, choo kikagoma, na mmoja akatoka msalani kimya kimya akaomba ndoo.

Hilo la ndoo linauma. Nyumba imefukizwa, biriani limeiva, na kinachokumbukwa ni choo. Tena anayeulizwa ni mwanamke. Maji yakiisha, "Umeyafanyia nini?" Choo kikinuka, "Husafishi?" Kumbe amesafisha tangu asubuhi, na kilichoharibika ni kipande cha raba kidogo kuliko kiganja chake.

Maji yanayopotea yana hesabu

Kisiwani kwetu kila mmoja anajua maji yanavyokuja. Wengi wetu tunayapata kwa saa, na wengine kwa kuamka usiku kujaza mapipa na matangi. Mwenye pampu anayapandisha kwa umeme, na umeme ni wa kununua. Sasa piga hesabu. Choo kinachovuja kikombe kimoja cha robo lita kila dakika 10 kinapoteza lita 36 kwa siku, karibu ndoo mbili za lita 20. Kikivuja lita moja kila dakika 5, hizo ni lita 288 kwa siku. Tangi la lita 1,000 ulilolijaza kwa tabu linakauka kabla siku nne hazijatimia, na hakuna aliyeoga wala kufua.

Mtume wetu, swalla Allahu alayhi wasallam, amepokewa katika hadithi sahihi kwamba alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja cha maji na kuoga kwa pishi moja hadi vibaba vitano. Kibaba hicho hata lita moja hakifiki. Sisi tunasimama kwenye mswala tukiwa tumetawadha kwa uangalifu, na nyuma ya mlango wa msala maji yanakimbia mchana na usiku bila ya mtu. Israfu si ya chakula cha harusi peke yake. Ukishajua kwamba choo kinavuja ukakiacha hivyo hivyo kwa sababu kelele umeshaizoea, hapo pana swali la kujiuliza.

"Hiyo kazi ya mwanamume"

Tunalisikia sana neno hili, na hatulipuuzi. Kweli, matunzo ya nyumba ni wajibu wa mume, na fedha ya raba na ya fundi itoke kwake. Lakini kulipa ni jambo moja na kujua ni jambo jengine. Mume yuko kazini, au yuko safarini Bara, au yuko Muscat kwenye mkataba wa miaka miwili. Wewe ndiye uliyemo ndani kelele inapoanza.

Halafu tufikirie stara. Fundi asiyeambiwa kasoro ni ipi anakuja mara ya kwanza kutizama, mara ya pili kuleta kifaa, mara ya tatu kwa sababu kifaa hakikuwa chenyewe. Mara tatu mwanamume asiye mahram yuko msalani mwako, na wewe bibi harusi wa wiki tatu unatafuta mtoto wa jirani wa kukaa naye. Mwanamke anayejua kusema, "Raba ya chini inavuja, valvu ya juu nzima," humaliza kwa safari moja, tena siku ambayo mumewe yupo.

Na tusisahau mfuko. Dukani kwetu aliwahi kuja fundi kwa ajili ya choo kilichokuwa kinalia. Akasema mashine yote ya ndani imekufa, inunuliwe mpya. Tukamwomba afungue tuone pamoja. Ndani ya valvu mlikuwa na mchanga, basi. Ulioshwa kwa maji na choo kikanyamaza. Hatusemi mafundi wote wako hivyo, wako waaminifu wengi. Tunasema jicho la mwenye nyumba humsaidia fundi kuwa mwaminifu.

Humo ndani mna nini?

Ondoa mfuniko wa tangi kwa mikono miwili na uulaze chini juu ya taulo lililokunjwa, maana ni kigae na ukianguka hauungiki. Usiogope kutia mkono. Maji ya ndani ya tangi ni yale yale ya bomba, hayajafika kwenye sinki. Madhali hakuna uchafu ulioangukia humo, mkono wako unatoka safi kama ulivyoingia.

Utaona vitu vitatu. Upande mmoja pana valvu inayoingiza maji, na imeshikamana na boya. Katikati chini pana raba iliyoziba tundu la kuteremshia maji. Na pana bomba limesimama, wazi juu, la kupitisha maji ya ziada yasimwagike sakafuni. Ukivuta mkono au ukibonyeza kitufe, raba inanyanyuka na maji yanateremka. Maji yakishuka, boya linashuka nayo na kuifungua valvu. Tangi likijaa, boya linapanda na kuifunga. Aliyeweza kujifunza kutia uzi kwenye cherehani atalielewa tangi kwa dakika 10.

Nje, karibu na ukuta, pana koki ndogo inayopeleka maji kwenye tangi. Ijue iko wapi na ujaribu kuifunga leo, kabla ya shida. Koki isiyoguswa kwa miaka huganda, na siku maji yanapomwagika si siku ya kuanza kuhangaika nayo.

Sikiliza sauti, kila moja ina maana yake

*Sauti ya "ssss" isiyokoma.* Maji yanapita mahali. Tizama bomba la ziada. Ikiwa maji yamefika ukingoni mwake na yanaingia ndani, kasoro ni ya valvu au boya: haifungi mapema. Teremsha boya. Vyoo vya zamani vina mkono wa chuma unaopindwa kidogo kuelekea chini, vipya vina skrubu au kibanio cha kusogeza. Maji yasimame kiasi cha sentimita 2 au 3 chini ya mdomo wa bomba. Ikiwa maji yanaendelea kupanda hata ukilinyanyua boya kwa mkono, basi valvu yenyewe ina uchafu au raba yake imekwisha.

*Choo kinachojijaza chenyewe usiku.* Kimya, kimya, halafu ghafla maji yanafoka na hakuna mtu aliyeingia. Hapa ndipo watoto wanapotishwa na majini. Dua ya kuingia msalani tusiiache, ni sunna yetu, lakini anayefanya mchezo huu ni raba ya chini. Maji yanachirizika polepole kwenda kwenye sinki, tangi linapungua, boya linashuka, valvu inafunguka. Kuhakikisha, tia matone machache ya rangi ya keki ndani ya tangi na mtu asitumie choo kwa nusu saa. Ukiona rangi kwenye sinki, umempata jini wako. Funga koki, vuta maji yote, futa raba na pale inapokalia kwa kitambaa. Mara nyingi ni ukoga au chembe ya mchanga tu. Raba ikiwa imekuwa ngumu, imepinda au inaacha weusi mkononi, badilisha. Nenda nayo ya zamani dukani, maana hazilingani.

*Mlio kama honi au kama mtu anayekoroma, tangi linapojaa.* Raba ndogo ya ndani ya valvu imechoka na inatetemeka maji yanapopita, au maji yanakuja kwa kasi mno. Igeuze koki ya ukutani kidogo kidogo. Mlio ukibadilika au ukinyamaza, jawabu limo humo. Kupunguza koki kutakupa usingizi wa leo, na raba mpya itakupa wa mwaka mzima.

*"Ko!" moja ukutani, valvu inapofunga.* Maji yamesimamishwa ghafla na bomba limeruka likagonga ukuta. Bomba halikubanwa vizuri. Vibanio vya ukutani vinatosha mara nyingi.

*Sinki linalobwabwaja mapovu baada ya kuvuta.* Hili si la tangi. Hewa inatafuta njia: bomba la hewa limeziba, au njia ya maji machafu imeziba, au karo limejaa. Angalia tundu la maji ya kuogea. Likiwa nalo linameza polepole, tatizo liko mbele, nje ya msala. Mwite fundi, na usisubiri harufu.

Na kikiwa hakivuti vizuri?

Kuna kipimo kimoja rahisi ambacho tungependa kila somo akijue. Chukua nusu ndoo ya maji, kiasi cha lita 10, uimimine kwenye sinki kwa mara moja. Yakienda yote kwa nguvu, njia ni nzima na mkosa ni tangi. Yakipanda na kushuka polepole, njia imeziba, na kubadilisha vifaa vya tangi ni kutupa pesa.

Mkosa akiwa tangi, tizama kama linajaa mpaka usawa wake. Vyoo vipya vimetengenezwa kutumia kiasi cha lita 6 kwa kitufe kikubwa na 3 kwa kidogo, kwa hiyo maji yakipungua kidogo tu nguvu haipo. Tizama mnyororo au kamba inayonyanyua raba. Ikilegea sana raba hainyanyuki vya kutosha, ikikaza sana raba haikai chini na inavuja. Kisha angalia vitundu vilivyo chini ya ukingo wa sinki. Visiwa vyetu ni mawe ya matumbawe, na maji ya visima vingi hupita humo yakabeba chokaa. Ule ukoko mweupe unaouona kwenye birika ndio huo huo unaoziba vitundu vya choo na kichujio cha valvu. Siki ya kawaida inaulainisha. Loweka kwa saa chache, sugua kwa mswaki wa zamani, suuza. Kichujio kitoe na ukioshe, hasa baada ya siku ambazo maji ya bomba yamekuja na mchanga.

Hapa tuwe wakali. Usichanganye kamwe jiki na siki, wala jiki na dawa kali za asidi za kusafishia choo. Mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu, na msala wa mjini wenye kidirisha kimoja si pahala pa kujaribu. Na vile vidonge vya klorini vinavyotiwa ndani ya tangi ili maji yawe meupe na yenye harufu nzuri huila raba pole pole. Unanunua harufu, unalipa uvujaji.

Jengine la aibu lakini tuliseme: pedi, pamba, pampasi na vitambaa vyenye unyevu vya kufutia havishuki na maji. Weka chombo chenye mfuniko msalani. Kwa nyumba yenye bibi harusi na wageni wa kike, chombo hicho ni cha lazima kama kopo la kutawadhia.

Wasiwasi wa twahara

Tunaliweka hili peke yake kwa sababu linawasumbua wengi na hawasemi. Choo kisichovuta vizuri kinaacha uchafu, mwanamke anamimina ndoo, maji yanaruka, na yeye anabaki na shaka: nguo imeingia najisi au haikuingia? Anabadilisha kanga mara tatu kwa swala moja. Anachelewa. Mwishowe ibada inakuwa mzigo. Masheikh wametufunza kwamba yakini haiondoki kwa shaka, na mwenye suala lake maalumu amuulize mwalimu wake. Lakini tunajua pia kwamba shaka nyingine zina dawa ya fundi bomba. Rekebisha choo, na nusu ya wasiwasi itaondoka na maji.

Tunachopendekeza

Bibi harusi wetu anakaa ndani siku kadhaa akisuguliwa singo, anapakwa hina na anapokea mawaidha. Tunaomba saa moja tu katika siku hizo. Somo, au shangazi, au dada mkubwa anayejua, amchukue mwari mpaka kwenye choo cha nyumba hiyo hiyo, amfunulie mfuniko, amwonyeshe koki, boya na raba, amfundishe kipimo cha rangi na kipimo cha nusu ndoo. Asiyejua katika masomo zetu naye ajifunze, kwani hakuna umri wa kuona haya kuuliza fundi akueleze anachokifanya.

Na sisi wageni wa harusi tupunguze chupa za chai. Bibi harusi mmoja anapata chupa za chai saba na hana spana moja. Mpe kikapu kizuri, kifunge utepe ukitaka, na ndani yake utie spana ya kurekebishika, tepu nyeupe ya kuzungushia nyuzi za bomba, raba mbili, glavu na tochi ndogo. Watacheka siku ya kufungua zawadi. Watakukumbuka usiku choo kitakapolia.

Mume naye asikie. Mkeo akikuambia raba imekwisha, usimjibu kwamba choo kilikuwa hivyo hivyo tangu zamani. Amekuletea kasoro, sababu na dawa, kilichobaki ni mkono kwenye mfuko. Na mkitafuta nyumba ya kupanga kabla ya harusi, musitizame rangi ya kuta pekee. Ingieni msalani, vuteni maji, subirini mpaka tangi lijae, sikilizeni. Mwenye nyumba arekebishe kabla ya kupokea kodi, si baada.

Hatumtaki kila mwanamke awe fundi bomba. Sisi wenyewe kazi yetu ni sindano, na panapohitaji kuvunja sakafu tunaita wenye ujuzi na tunawalipa haki yao. Tunachotaka ni mwanamke asiyefanywa mgeni ndani ya nyumba yake, asiyelaumiwa kwa kosa la raba, na asiyeyaacha maji ya Mwenyezi Mungu yapite bure kwa sababu tu hakuna aliyemfunulia mfuniko.

Mwenyezi Mungu azijaalie ndoa zenu utulivu na rehema, na nyumba zenu usafi. Na usiku wa leo, watu wakishalala, simama kidogo mlangoni mwa msala wako usikilize. Ukisikia "ssss", unajua pa kuanzia.

Wabillahi tawfiq.